Nesi Naye Apimwe

Kwa miaka 23 nimefunga mkanda wa presha kwenye mikono ya watu. Mikono ya wavuvi iliyokakamaa kwa maji chumvi, ya wajawazito iliyovimba, ya wazee ambayo mkanda huizunguka na bado ukapwaya. Lakini ungeniuliza kabla ya Mei ya mwaka juzi mkono wangu mwenyewe ulifungwa lini mara ya mwisho, ningekudanganya. Ningesema "mwaka jana", na nisingejua kama ninadanganya, maana kila mwaka nilikuwa nasema mwaka jana.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Tanga. Wiki moja ya Mei hiyo tulikuwa tumetoka kuadhimisha Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, ile ya kuwasha mishumaa na kurudia kiapo, na sasa tulikuwa tunajiandaa kwa upimaji wa bure wa Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, ambayo huangukia tarehe 17. Meza zilikuwa zimepangwa chini ya mwarobaini na foleni haijaanza. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliyekuwa mazoezini kwetu, binti ambaye hata sare yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani, akanivutia kiti.

"Mama, naomba nikupime wewe kwanza, nijaribu mashine."

Nikamwambia akaijaribu kwa mlinzi. Akacheka, akasema mlinzi ameshampima. Basi nikakaa, nikanyoosha mkono, huku naendelea kumwelekeza mhudumu pa kuweka ndoo ya maji. Binti akaondoa kidole chake kwenye kitufe.

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha mtu akae dakika tano bila kuongea."

Nikanyamaza. Mashine ikasoma 178 kwa 106. Akahamia mkono wa pili, akasubiri, akarudia: 174 kwa 104. Hakusema neno, aliandika tu. Mimi ndiye niliyeanza kutafuta kosa la mashine.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Sisi wa kazi hii tumeifanya methali hiyo kisingizio. Tunaitamka tukicheka mwenzetu akipita koridoni anakohoa wiki ya tatu. Baada ya asubuhi ile nimekuja kuisikia vingine. Haisemi mganga akae na ugonjwa wake. Inasema atafute mganga mwingine. Kosa ambalo nimelifanya mimi, na ambalo naliona kila siku kwa watu wanaokuja kituoni wakiwa wamechelewa, ni kudhani kujitunza maana yake ni kujitibu: ujichunguze mwenyewe, ujiamulie mwenyewe, ujinunulie dawa mwenyewe, na mtu asijue.

Hata wakubwa wa fani walichelewa kusema kwamba mganga naye ana afya ya kuangalia. Tamko la Geneva, ambalo ndilo kiapo cha madaktari wa zama hizi, lilipitishwa mwaka 1948 likiwa limejaa wajibu wa daktari kwa mgonjwa. Ilibidi mpaka Oktoba 2017, Chama cha Madaktari Duniani kilipokutana Chicago, ndipo kikaongezwa kipengele kwamba daktari naye ataangalia afya yake ili aweze kuhudumia vizuri. Miaka 69! Na sisi wauguzi tunaowasha mshumaa kumkumbuka Florence Nightingale na taa yake, ni mara chache tunawaambia wanafunzi kwamba aliporudi kutoka vita vya Krimea mwaka 1856 alikuwa mgonjwa, na sehemu kubwa ya maandishi yake aliyaandika akiwa kitandani.

Niseme nilikuwa nafanya nini kabla ya ile 178, maana huenda na wewe unafanya hivyo hivyo. Nilikuwa na maumivu ya mgongo, kama muuguzi yeyote aliyenyanyua wagonjwa kwa miongo miwili. Kila asubuhi nilikuwa nameza kidonge cha diklofenaki, na siku ikiwa nzito nameza na cha pili. Hakuna aliyeniandikia. Nilinunua mwenyewe duka la dawa, miezi miwili mfululizo. Kichwa kilipoanza kuuma saa tisa alasiri nikalilaumu jua la Tanga. Na kwa kichwa hicho nikameza ibuprofeni.

Sasa, hizi dawa mbili ni ndugu. Zinatuliza maumivu kweli, lakini zinaufanya mwili uzuie chumvi na maji, zinaweza kupandisha presha, zinapunguza nguvu ya dawa za presha kwa anayezitumia, na zikiendelezwa zinaziumiza figo na tumbo. Mambo hayo nilikuwa nayafundisha. Dukani hakuna aliyeniuliza kitu, na wewe pia huenda hutaulizwa, kwa hiyo sema mwenyewe kabla ya kutoa hela: "Nina presha," au "Sijui presha yangu." Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, ndiyo huanzwa nayo. Na maumivu yanayokudai kidonge kila siku yamekwisha kuwa mgonjwa anayehitaji kuonwa.

Turudi kwenye mkanda, maana hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wenzangu, wanapoharibu. Presha ya juu huhesabiwa kuanzia 140 kwa 90, na haihesabiwi kwa kupima mara moja isipokuwa namba iwe kubwa sana. Lakini namba inapandishwa na vitu vidogo mno. Umetoka kushuka kwenye bodaboda ukakimbilia foleni: itapanda. Umebanwa na mkojo: itapanda. Umekunja nne, mkono unaning'inia, unamsimulia nesi habari za mkwe wako: itapanda. Mkanda umefungwa juu ya shati la mikono mirefu, au ni mwembamba kwa mkono wako mnene: namba siyo yako. Chai, kahawa na sigara viachwe nusu saa kabla. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Nesi akikupima umesimama dirishani, una haki ya kumwomba kiti. Hatakasirika. Na akikasirika, mwombe tena.

Kama mna uwezo wa kununua mashine nyumbani, chukueni ile ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono zinapendeza na zinaingia kwenye mkoba, ila zinayumba kirahisi. Pima asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kulala, mara mbili mbili kwa kupisha dakika moja, andika daftarini, mpelekee tabibu daftari. Usijipime mara kumi kwa siku kama mtu anayechungulia simu. Nilimwona baba mmoja aliyekuja kwetu presha imempanda kwa sababu ya kujipima.

Mpaka leo wapo wanaoniambia, "Nesi, mimi ninajijua, ikipanda nasikia." Mimi nilikuwa na 178 na sikusikia chochote zaidi ya kichwa cha saa tisa. Presha mara nyingi haina dalili kabisa, na ndiyo maana lazima ikutwe na mtu mwingine.

Nikaanza dawa. Na nikaanza kuichunguza chumvi ya nyumbani kwangu kwa njia moja nyepesi ambayo sasa naipendekeza kwa kila mtu. Chukua pakiti mpya ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu siku unayoifungua, halafu pika kama kawaida. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Nyumbani kwangu tuko watano. Watano mara gramu 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo nusu kilo inapaswa kudumu siku 20 kwa uchache, na kwa kweli zaidi, kwa kuwa chumvi nyingine tunaila nje. Pakiti yangu iliisha siku ya 11. Gramu 45 kwa siku! Na hapo sijahesabu supu ya mama lishe wa getini kwetu, wala mkate, wala vile vipande vya kiungo cha mchuzi ambavyo ni chumvi iliyovaa nguo, wala papa mkavu ambaye sisi watu wa pwani hatumwiti chumvi wakati ndiyo iliyomhifadhi.

Kuipunguza siyo adhabu kama inavyotangazwa. Pwani tuna silaha ambazo wenzetu wa bara wanatuonea wivu: ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, tui. Samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu ya kutosha haulizi chumvi iko wapi. Nilipunguza robo ya kipimo changu kwa wiki, nikaondoa kidau cha chumvi mezani. Wiki ya kwanza mume wangu alikula kimya, kimya cha msibani. Wiki ya tatu alirudi kutoka harusini Pangani akilalamika kwamba pilau ilikuwa na chumvi kali. Sikumjibu, nilimpa maji.

Ila mkiipunguza, inayobaki iwe yenye madini joto. Usikimbilie chumvi ya mawe au ile ya pinki kwa kuambiwa haipandishi presha. Chumvi ni chumvi, na ile isiyotiwa madini joto inaweza kuturudisha kwenye rovu, na kwa mjamzito inahatarisha ubongo wa mtoto.

Sukari nitaipitia haraka. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni vijiko 12, karibu gramu 48, wakati kiwango kinachopendekezwa ni afadhali kisizidi gramu 25. Toa nusu kijiko kila wiki. Ulimi hautagundua.

Usingizi ndio ulionishinda kwa muda mrefu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na anayefanya zamu ya usiku hulala mchana, wakati ambao mtaa mzima uko macho: muuza mkaa anapita, jirani anakuja kuazima kinu, mtoto anatoka shule. Nilikuwa nalala saa nne kwa vipande na najisifu. Dawa yake haikutoka hospitali. Nilitundika kanga mbili moja juu ya nyingine dirishani mpaka chumba kikawa giza, simu ikahamia jikoni, na mlangoni nikaanza kufunga kitambaa chekundu nikilala. Nikawapitia majirani nyumba kwa nyumba nikawaeleza: ukiona chekundu, nimetoka zamu. Nilidhani wataniona ninajidai. Jirani wa kwanza kukizoea ni yule wa kinu, na siku hizi yeye ndiye anayewafukuza watoto wanaopigia mpira ukutani kwangu. Wanawake wengi tunakosa usingizi kwa kuwa hatujawahi kumwambia mtu kwamba tunalala.

Kuhusu mazoezi nina ugomvi na makala nyingi ninazosoma. Kipimo chenyewe kinajulikana: dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo, sawa na dakika 22 hivi kwa siku. Kwa mtumishi wa ofisini, shuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwenu, au kama uko Tanga, iamshe ile baiskeli. Mji huu haukupata sifa ya baiskeli bure. Lakini anayezunguka Ngamiani na ndoo ya samaki kichwani tangu alfajiri, au mama anayefua za watu kutwa nzima, asiambiwe akafanye mazoezi. Huyo aambiwe akae. Aweke miguu juu ya kigoda robo saa, anywe maji, apumue. Ushauri wa afya ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa kiti cha ofisini umewaonea sana watu wa miguu.

Linalofuata nalisema kwa aibu kidogo. Watu wanalalamikia kauli za wauguzi, na wana haki. Mwaka ule kabla ya kupimwa, mimi nilikuwa mmoja wao. Nilimfokea binti wa watu aliyekuja leba bila kanga ya kumfunika mtoto, na aliponitazama nikaona kwenye macho yake mtu ambaye sikumjua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiingiza hali hii ya kuchakazwa na kazi kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na matatizo ya afya, likisema siyo ugonjwa ila ni matokeo ya msongo wa kazi usiodhibitiwa: kuchoka kusikoisha, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufai. Ukali wangu ulikuwa hayo yote matatu. Jambo hilo halimwondolei binti yule machungu yake, lakini lilinisaidia kujua pa kuanzia.

Nilianza kwa kuongea. Kila baada ya zamu mbaya, ya kifo hasa, mimi na mwenzangu mmoja tunakaa kwenye benchi la nyuma ya stoo dakika kumi kabla ya kuondoka, tunasema kilichotokea, kila mtu kwa zamu yake. Hatushauriani. Nikifika nyumbani ninavua viatu vya kazi nje, ninaoga, kisha ndipo nasalimia. Wanaume wa pwani wana baraza na kahawa yao chungu na kashata, na wamekuwa wakitibiwa na benchi lile karne na karne bila kuliita tiba. Kama wewe huna benchi, litafute. Na kama huzuni au kukosa hamu kunapita wiki mbili, au unawaza kujidhuru, benchi halitoshi. Njoo kituoni useme hivyo hivyo kwa maneno hayo.

Nimesema nilianza dawa. Sikusema kwamba niliiacha. Nilipewa amlodipini, na baada ya wiki tatu vifundo vya miguu vikaanza kuvimba jioni. Uvimbe huo unajulikana, unasababishwa na dawa yenyewe, na mimi nilijua. Badala ya kurudi kwa tabibu, nikajiamulia kuiacha siku nne. Mganga hajigangi! Kijana aliyenitibu, ambaye kiumri ni sawa na mwanangu wa kwanza, alinisikiliza, akapunguza kipimo, akaongeza dawa nyingine, akaniuliza kwa upole kama mgonjwa wangu angefanya hivyo ningemwambia nini. Nilimwambia ningemgombeza.

Kwa hiyo nakuomba: dawa ikikuletea miguu kuvimba, kikohozi kikavu au kizunguzungu, rudi nayo, zipo nyingine. Usiiache kwa sababu namba imeshuka. Imeshuka kwa sababu unaimeza. Usiazime vidonge vya jirani hata kama daktari wenu ni mmoja, na mwanamke anayetarajia kubeba mimba aseme mapema, maana baadhi ya dawa hizi zinamdhuru mtoto aliye tumboni. Ramadhani ikikaribia, mwone tabibu wiki mbili kabla ili muda wa dawa upangwe kwa daku na futari. Wengi huja kwetu mfungo ukiwa katikati, wameacha dawa tangu mwezi uandame.

Na jambo moja lisilosubiri. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono mmoja ukalegea, maneno yakamkwama, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Kwetu huku wengine watasema amepigwa na upepo, na kuna mzee wa kumsomea. Asomewe njiani. Usimpe maji wala chakula, anaweza kupaliwa. Angalia saa dalili zilipoanza na uikumbuke, kwa kuwa watakuuliza, na kila dakika ina thamani kwa ubongo wake. Vilevile namba ikifika 180 kwa 120 na una maumivu ya kifua, unahema kwa shida au macho yanaona giza, usilale kwanza, nenda hospitali.

Kikundi chetu cha kukopeshana, wanawake 18, mwaka jana tulinunua mashine moja ya presha kwa hela za mfuko wa jamii wa kikundi. Inakaa kwenye sanduku la hela. Kabla ya hisa kuhesabiwa, kila mmoja hukaa kimya dakika tano, jambo ambalo kwa kikundi chetu ni muujiza, halafu anapimwa na jirani yake na kuandikiwa kwenye daftari lake. Mpaka sasa tumewakuta watatu waliokuwa hawajui. Mmoja wao ndiye mwenyekiti aliyepinga ununuzi.

Wiki iliyopita mimi nilikuwa 128 kwa 82. Yule mwanafunzi amehitimu, sijui kapangiwa wapi. Lakini wewe ukienda kupimwa, nesi akimaliza kukufungua mkanda, muulize yeye kapimwa lini. Akikujibu "mwaka jana", mwombe akae kwenye kiti chako.